Isale Ndani ya Mzigo wa Majani

Haya yalimpata shoga yangu Dominika, wa Kirua Vunjo. Mchana mmoja alishuka kukata majani ya ng'ombe kwenye stesheni ya reli iliyokufa zamani. Ndani ya chumba cha tiketi, gizani, akasikia mundu mwingine ukikata: kwach, kwach. Alipoacha kukata, nao uliacha. Akajitwika mzigo, akakimbia.

Nyumbani alipoufungua, mkono wake ukatoka na jani bichi la isale, limefungwa fundo. Kwetu anayeomba msamaha huleta isale, na ukishaipokea umesamehe, hakuna kurudisha.

"Mama Stella, nani kakukosea?" mumewe akauliza.

"Hakuna aliyenikosea, Baba Stella."

Chumbani, alikolala Stella, mundu ukaanza: kwach, kwach.