Jeli ya Bamia Haitaki Magadi

"Ndugu wananchi wa mtaa wa Ng'ambo, wake kwa waume, mliosuka na mlionyoa. Nina heshima kubwa kuwatangazia kwamba mji wetu wa Tabora umepata mtaalamu mpya wa nywele. Mtaalamu huyo ni mimi, Ummy, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimerudi likizo kutoka shule ya bweni nikiwa na elimu ya kuwatosha nyote."

Nilitoa hotuba hiyo barazani kwetu, nikiwa nimesimama juu ya kigoda. Wananchi waliohudhuria walikuwa wawili. Mmoja alikuwa dada yangu Sikuzani. Wa pili alikuwa kuku.

"Mtaalamu wa nywele ana kipara," alisema Sikuzani.

"Kipara ni sare ya shule. Hakihesabiki."

"Shuka hapo, nataka kukalisha mteja."

Sikuzani ni msusi. Kila asubuhi mama akishakwenda sokoni kuuza mchele, yeye hutandika mkeka barazani. Huweka kioo, chanuo, uzi na kopo la jeli ya dukani. Wateja hukaa kwenye kigoda, husukwa, na hutoa habari za mtaa mzima. Mimi nikiwa likizo, kazi yangu ni kushika kioo na kusikiliza habari.

Siku hiyo mteja alikuwa Ange. Ange anatoka Ulyankulu, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi, lakini amepanga chumba jirani na kwetu na anafanya kazi kwenye duka la vitambaa. Alikuwa anajiandaa kuolewa. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani kwao Ulyankulu.

Hakukaa kwenye kigoda. Alivua kitambaa chake cha kichwa akainama mbele ya dada.

"Tazama mwenyewe," alisema.

Tulitazama. Ngozi ya pembeni mwa kichwa ilikuwa nyekundu. Nywele za mbele zilikuwa zimekatika.

"Ni ile jeli uliyonipaka," alisema Ange. "Nimejikuna wiki nzima. Nimekwenda hospitali, wamenipa dawa ya kupaka. Wameniambia niache dawa kali za nywele na nisisukwe kwa kubana. Sasa ngozi inapona, lakini naogopa. Sikuzani, nakupenda kama ndugu yangu. Ila siwezi kusimama mbele ya padri huku najikuna kama mbuzi."

"Kwa hiyo utakwenda kwa msusi mwingine?" aliuliza dada. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada zangu wananiambia niende saluni ya mjini. Mimi nimewaambia wasubiri kwanza. Nitafutie kitu kisichoniwasha. Ukikipata, kichwa changu ni chako."

Ange alipoondoka, Sikuzani alikaa akizungusha chanuo mkononi. Mimi najua alichokuwa anakifikiria. Bibi harusi ndiye tangazo la msusi. Watu wote wa harusini humtazama yeye. Akipendeza, wateja watakuja wenyewe. Akijikuna, Ng'ambo yote itajua kabla ya keki kukatwa, na hakuna atakayekalia kigoda cha Sikuzani tena.

Hapo ndipo sayansi ilipoingia.

"Bamia," nilisema.

"Bamia zimefanya nini?"

"Wasichana wa bweni letu wanasema bamia zikichemshwa hutoa ute. Ule ute ni jeli. Unalaza nywele vizuri kabisa."

"Wewe umeshajaribu?"

Nilijipapasa kipara kwa heshima. "Mazingira hayajaniruhusu."

Sikuzani alicheka. Akachukua bamia alizoacha mama kwa ajili ya mchana, tukaingia jikoni. Yeye alikatakata, mimi nikasimamia kama injinia. Maji yalipochemka nikachukua kipande cha magadi nikatumbukiza. Kwetu bamia na mlenda havipikwi bila magadi. Ndiyo yanayofanya mboga ilainike na kuvutika. Sikuzani naye, mkono ukiwa umezoea, akatia chumvi. Tukakoroga. Ute ukavutika kutoka sufuriani mpaka kwenye mwiko.

"Imekubali," nilisema. "Sasa tunahitaji kichwa."

Kichwa kilikuwa kinapita uani. Kilikuwa cha kaka yetu Nassibu, dereva wa bodaboda. Nassibu ameacha nywele zake zikue mpaka zimekuwa kama kichaka, na anazipenda kuliko pikipiki yake.

"Kaka, kaa hapa," nilimwambia kwa upole. "Tunataka kukufanya uonekane kama msanii."

Neno hilo lilitosha. Alikaa. Tulimpaka jeli yote, hata na vipande vya bamia vilivyobaki ndani. Alijitazama kwenye kioo, akajitazama tena, akaondoka akipiga mluzi.

Mchana alirudi hapigi mluzi.

"Ummy," aliita akiwa bado barabarani. "Sikuzani. Tokeni nje."

Tulitoka. Nywele zake zilikuwa ngumu kama brashi ya kusugulia sakafu. Juu yake palikuwa na vumbi jeupe, kama amemwagiwa unga. Mbegu moja ya bamia ilikuwa imeganda juu ya sikio.

"Kijiweni wananiuliza nauza sembe kilo bei gani," alisema. "Abiria mmoja amekataa kupanda. Kasema mimi ni mgonjwa. Na nawashwa, nyie. Nawashwa mpaka kwenye ubongo."

"Ubongo hauwashi," nilimweleza. "Tumesoma hilo."

Alinikimbiza kuzunguka nyumba. Kelele zikamtoa jirani yetu, dada Josepha. Josepha alisomea mambo ya urembo Mwanza, na saluni yake ipo upande wa pili wa njia. Yeye haongei kwa sauti ndogo na hajawahi kuficha kwamba anajua. Alimkamata Nassibu mkono, akamsugua nywele kidogo kwa vidole, kisha akaonja kidole chake kwenye ncha ya ulimi.

"Nani katia chumvi kichwani kwa mtu?" aliuliza.

Sikuzani alinyoosha mkono.

"Na magadi?"

Nilitazama juu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Josepha alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, mmempikia Nassibu mboga kichwani. Mmesahau ugali tu. Njooni niwaambie, maana mimi ndiye bingwa, na ubingwa wangu umepita kwenye vichwa vya watu wengi walionilaani."

Kwanza alimpeleka Nassibu bombani. Alimwosha kwa maji mengi na sabuni laini, akampaka mafuta kidogo ya alizeti. Nassibu alitulia kama mtoto. Kisha Josepha akakaa kwenye kigoda na kuanza.

"Ule weupe si mba. Ni chumvi na magadi. Maji yamekauka juani, yenyewe yamebaki. Magadi ni makali. Hulainisha mboga, sawa. Lakini kwenye nywele huondoa mafuta yake, zikawa kavu na kukatika. Na ngozi huwashwa. Na habari za Ange nimeshazisikia. Mngempaka hii, angeolewa akiwa na kilemba cha hospitali."

"Kwa hiyo bamia hazifai?" aliuliza Sikuzani.

"Nani kasema? Bamia zinafaa sana. Mnachokosea ni kudhani mnapika. Nileteeni bamia nyingine."

Nilikimbia gengeni. Niliporudi, alitufanya tunawe mikono kwa sabuni kwanza. Akaosha sufuria hata kama ilikuwa safi. Akakata bamia changa za kujaa kiganja, akaziweka kwenye vikombe viwili vya maji. Moto ulikuwa mdogo. Tulikoroga taratibu mpaka maji yakawa mazito kama uji mwepesi.

"Sasa epua na uchuje ikiwa bado ya moto," alisema. "Ikipoa inakuwa nzito, haitapita. Kitambaa kiwe safi, cha pamba. Kamueni kwa mwiko msije mkaungua. Hakuna mbegu wala kipande kinachotakiwa kubaki."

Jeli ilitoka laini, ya kijani hafifu, haina hata punje. Hapo nikaona ni wakati wa mchango wangu.

"Tutie asali," nilisema. "Tabora nzima inajulikana kwa asali. Na manukato ya mama kidogo."

"Unataka nyuki waje harusini?" aliuliza Josepha. "Asali kanywe na chai. Na manukato ndiyo mara nyingi huwasha ngozi kama ya Ange. Usimtie mtu kitu kwa sababu kinanukia. Matone machache ya alizeti yanatosha."

"Itakaa muda gani?" aliuliza Sikuzani.

"Hii ni kama mboga, inaoza. Weka kwenye chombo safi chenye kifuniko, kwenye friji. Isipite wiki. Ikinuka, ikibadilika rangi, mwaga. Usichote kwa vidole, chota kwa kijiko safi. Na usitengeneze pipa zima kwa tamaa. Tengeneza kidogo, ikiisha tengeneza nyingine."

"Basi nikampake Ange sasa hivi," alisema dada, akisimama.

"Kaa chini. Unampaka kichwani mtu uliyemwasha juzi? Unampaka kidogo hapa." Josepha alionyesha sehemu ya ndani ya kiwiko. "Anakaa mpaka kesho. Akiwashwa, akivimba, basi si yake, hata kama ni bamia za peponi. Na sikiliza, Sikuzani. Jeli hii inalaza nywele tu. Haiponyi kidonda wala haioteshi nywele. Mtu akija na vidonda kichwani, usimsuke. Mwambie aende hospitali."

Jioni tulimpaka Ange kwenye kiwiko. Asubuhi dada alikuwa mlangoni kwake kabla jogoo hajamaliza kazi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Ange alifungua mlango akiwa amefunga kanga, akanyoosha mkono. Kiwiko kilikuwa kiwiko. Hakikuwa na alama yoyote.

"Nimesahau hata kama nilipakwa," alisema. "Nitawaambia dada zangu waache habari za saluni ya mjini."

Sikuzani alimkumbatia. Mimi nilipiga saluti.

Alfajiri ya Jumamosi tulipika jeli mpya na kuipoza. Ulyankulu ni mbali kidogo na jua ni kali. Kwa hiyo tuliitia kwenye chupa ya chai pamoja na vipande vichache vya barafu, ili ifike ikiwa baridi. Chupa yenyewe ilikuwa mpya, ya maua mekundu. Tulipanda gari tukafika mapema.

Nyumba ya kina Ange ilijaa watu na harufu ya pilau. Sikuzani alifanya kazi yake chumbani. Hakubana hata kidogo. Alizichana nywele za Ange zikiwa na unyevu, akapaka jeli kwa kiasi, akazilaza mbele na kuzikusanya nyuma kwa maua madogo meupe. Zile nywele zilizokatika zilitulia kama zimeambiwa. Ange alipojitazama kwenye kioo hakujikuna. Alitabasamu, kisha akatugeuzia uso kwa sababu machozi yangeharibu poda.

Alipotokea sebuleni, wanawake walipiga vigelegele. Shangazi zake walimzunguka Sikuzani.

"Umempaka nini huyu?"

"Inauzwa wapi?"

Dada alikuwa na haya. Alifungua mdomo ajibu. Lakini mimi niliona nafasi, na nafasi ikionekana hairudishwi. Nilisogea mbele.

"Akina mama," nilisema kwa sauti ya mgeni rasmi. "Hiyo ni siri ya Tabora ya kale. Zamani misafara ilipotoka pwani na kupumzika kwetu ikielekea Ujiji, wapagazi walibeba mafuta haya kwenye vibuyu vilivyofungwa kwa ngozi ya chui. Wake za matajiri walipaka. Siri hiyo imerithiwa na ukoo wetu, kutoka mama kwenda kwa binti, nayo haijatamkwa mpaka leo."

Shangazi mmoja alishika shavu kwa mshangao. Nikapata nguvu ya kuongeza.

"Kibuyu kimoja kilibadilishwa na pembe ya ndovu."

Bibi yake Ange, bibi Godeliva, alikuwa amekaa kwenye kona. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo tulipoingia, naye akaniitikia marahaba bila kunitazama sana. Sasa alikuwa na kikombe mkononi. Pembeni yake kulikuwa na chupa za chai zimepangwa mezani, na mtu fulani kwa wema wake alikuwa ameitoa yetu chumbani na kuipanga pamoja na nyingine. Bibi aliishika ile ya maua mekundu akamimina.

Chai haikumiminika. Ilivutika. Ilitoka kwenye chupa polepole kama uzi mnene, ikaingia kikombeni, na bibi alipoinua chupa, uzi ukapanda nayo.

Shangazi wakasogea kutazama.

Bibi Godeliva aliinusa. Akachovya ncha ya kidole, akaonja. Akafikiri.

"Bamia," alisema. "Na hamkutia chumvi."

Akasema na neno la Kirundi ambalo sikulielewa. Wanawake wote walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Njoo hapa, mjukuu wangu," bibi aliniambia. "Hao wapagazi wako walitembea toka pwani na chupa ya chai?"

"Hapana, bibi."

"Ngozi ya chui iko wapi?"

"Haipo, bibi."

"Na siri ya ukoo?"

Nilimtazama Sikuzani. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio na mabega yanamtikisika.

"Ni bamia, maji na kitambaa cha kuchujia, bibi. Alitufundisha jirani. Mtu yeyote anaweza kutengeneza."

"Hata mimi nisiye na friji?"

"Hata wewe, bibi. Unapika kidogo, unatumia siku hiyo hiyo, inayobaki unamwaga."

"Vizuri. Shambani kwangu ziko bamia za kulaza nywele za kata nzima." Alinirudishia chupa. "Haya, kuna lingine la kusema kabla hatujaenda kanisani?"

Alinitazama kwa macho ambayo yameshalea waongo wengi. Nikaona bora nimalize yote.

"Liko, bibi. Chupa hii ni ya mama. Ameinunua juzi kwa ajili ya wageni, na hajui kama iko Ulyankulu."