Neno la Jumanne

"Mbona hunipingi?" Quinter aliuliza. "Kwa hilo neno, kila mtu hunipinganga."

Macho ya Khalayi yalikuwa yameganda kwenye ubao wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza. Quinter, mpinzani wake, alikuwa ameshusha vibao vyake vyote saba vya herufi kwa mpigo, akavipanga kando ya E iliyokuwa pale: VELLEITY. Ukumbi mzima wa mashindano, hapo mjini Kakamega, ulikuwa kimya, kila mchezaji akikuna kichwa mezani pake.

"Nalijua," Khalayi alisema. "Ni kutamani jambo bila nguvu ya kulitenda."

"Eish! Kumbe wewe ni mkali. Mimi nimefunzwa na bwanangu. Kila asubuhi ananitumianga neno moja refu na maana yake. Hili lilikuja Jumanne."

Khalayi, mwalimu wa Kiingereza kutoka Kabras, aliinua macho kutoka ubaoni. Jumanne, kabla hajatoka kitandani, naye alitumiwa neno hilo hilo na Philemon, mchumba wake wa miaka miwili.

"Naomba nione hiyo meseji, dada."

"Ya bwanangu?"

"Tafadhali."

Quinter akaitoa simu huku akicheka. *"Neno la leo, mpenzi: velleity. Ni kutamani bila kutenda. Mimi kwako si velleity. Mimi kwako ni nadhiri."*

Khalayi akaweka simu yake kando ya ile. Namba moja. Dakika moja. Nadhiri moja.

Kicheko kikamwishia Quinter mdomoni.

"Huyu ni Baba Mitchel," alisema polepole. "Tunaishi Shinyalu. Mtoto wetu ana miaka mitatu."

"Kesho analeta wazee kwetu, Quinter. Kuniposa."

"Kesho? Kesho ameniambia anaenda Eldoret. Semina ya kazi."

Waliinuka pamoja, wakaacha mchezo mezani. Nje, penye kivuli cha ukuta, Khalayi akapiga simu na kuweka spika.

"Sesquipedalian wangu!" Sauti ya Philemon ilikuwa tamu kama siku zote. Ndilo jina alilompa: mtu apendaye maneno marefu.

"Philemon, kesho mnakuja?"

"Swali gani hilo? Wazee wako tayari, suti nimepiga pasi. Mwambie mama asonge obusuma ya kutosha, wazee wanapenda ugali."

"Hakuna mtu mwingine?"

"Khalayi, naapa mbele ya Mungu. Ni wewe tu."

Quinter akaiinamia simu.

"Na Mitchel nimwambie nini, Baba Mitchel?"

Simuni kilisikika kishindo cha trekta la miwa huko kiwandani Philemon alikofanya kazi ya ukarani.

"Quinter? Nyinyi... mko wapi?"

"Tuko pamoja," Khalayi akasema. "Ongea."

Hapo Kiingereza kikaanza kumtoka Philemon, kirefu, kimenyooka, neno juu ya neno, kama mtu anayesoma hotuba.

"Acha!" Khalayi alipaza sauti. "Sema kwa Kiswahili. Sema vile ungemwambia mama yangu."

Walisubiri. Simu ikakatika.

Quinter aliegemea ukuta, machozi yakimtiririka.

"Mimi alinipata na lile la herufi ishirini na tisa," alisema. "Floccinaucinihilipilification. Alilisema bila kuvuta pumzi. Nikasema, huyu ndiye."

"Kukiona kitu hakina thamani," Khalayi alinong'ona.

"Maana naijua. Alinieleza."

"Utamrudia?"

"Niko na mtoto, dada. Sijui." Akamshika mkono. "Nisamehe."

"Hujanikosea. Hatukujuana."

Jioni, Khalayi alifika nyumbani akakuta viti ishirini vya kanisa vimepangwa uani. Mama yake alikuwa akivipangusa kimoja kimoja.

"Umeshinda?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Mama, hawaji."

"Wamesongesha siku?"

"Hawaji kabisa. Ana mke. Ana mtoto."

Kitambaa kikamponyoka mama. Aliketi kwenye kiti alichokuwa amekipangusa, akashika tama. Simu ya Khalayi ikalia mkononi, ujumbe wa Philemon: *"Nipe nafasi nieleze. Nakupenda."* Akaifunga namba ile isimfikie tena, asijue kama amejikomboa au ameua kitu ndani yake.

Baba yake, Mzee Erastus, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amesikia yote; akabeba viti vinne begani.

"Tuvirudishe kanisani kungali na mwanga," alisema.

Walifuata njia katikati ya mashamba ya miwa, Khalayi naye na viti viwili. Jirani yao, Mama Lynette, akawaona.

"Mbona viti vinarudi? Wageni si ni kesho?"

Mzee Erastus alifungua kinywa, lakini Khalayi akamtangulia.

"Hakuna wageni, mama. Aliyetaka kunioa ana bibi."

Akapita. Alitembea hatua kumi hivi. Viti vikaanguka vumbini, naye akachutama kando ya miwa, akalia kwa sauti, mkono umeziba mdomo na sauti bado inatoka. Alikilia kile kifungua kinywa cha maneno cha kila asubuhi, kwa miaka miwili, ambacho hakikuwahi kuwa chake peke yake.

Baba yake alivishusha viti vyake. Akachukua kimoja, akakiweka pale njiani, karibu naye, akaketi.

"Lia, mwanangu," alisema. "Mimi siendi mahali."