Kanga ya Bibi Anjelina

Kila jioni Witness alipotoka shule, alimkuta bibi yake, Bibi Anjelina, barazani pale Mitwero akicheza karata na majirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, uone watu wanavyofungwa."

Witness alikaa, akajifunza kukumbuka kila karata iliyotupwa. Akili hiyo ndiyo iliyomponza.

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Bila kupuliziwa dawa ya unga ya salfa, ugonjwa wa ubwiriunga ungeyakausha yote, na msimu ungepita bila korosho. Fedha ya salfa ilikuwa kwenye simu ya bibi, na siku moja simu aliachiwa Witness aichaji. Kaka yake, Fidelis, akaiwekea poka, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha.

"Kamari ni kubahatisha," alisema Fidelis. "Hii ni akili, kama hesabu."

Witness alishinda. Akashinda tena. Kisha akashindwa, akaongeza fedha ili arudishe, akashindwa zaidi. Aliposhtuka, nusu ya fedha ya salfa ilikuwa imeliwa, na Fidelis alikuwa amekumbuka ghafla kwamba anahitajika kisimani.

Bibi akaingia na jembe lake. "Lete simu, mjukuu wangu. Salfa imefika dukani, watu wanaigombania."

Witness aliificha simu mgongoni. "Bibi, fedha imepungua. Lakini sikucheza kamari! Ilikuwa poka. Ni akili tu."

Bibi hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. Aliketi mkekani, akachanganya karata.

"Basi tucheze. Ukinifunga, nimekusamehe. Nikikufunga, kuku wako watatu ni wangu."

Kuku aliowalea tangu vifaranga! Witness akaokota karata zake.

"Mbona umezikumbatia karata hivyo?" bibi aliuliza. "Jana tulicheza karata hizi hizi, ukacheka mpaka ukamwaga uji."

"Jana hatukuweka kitu, bibi."

"Ahaa. Tupa karata."

Witness alihesabu vizuri. Ree zote nne, karata kubwa kuliko zote, zilikuwa zimekwisha kutoka. Akatupa karata yake kubwa kwa uhakika. Bibi akaishindilia ree ya shupaza juu yake.

"Lakini hiyo ilishatoka!" Machozi yalimlenga.

Bibi akatikisa kanga yake. Ree nyingine mbili, alizoziokota kwa siri kwenye karata zilizokwisha tupwa, zikaanguka mkekani.

"Wewe ulihesabu kwa kichwa, mimi kwa pindo la kanga. Na mimi unaniona. Huyo wa kwenye simu, kanga yake umeiona?"

Witness alitikisa kichwa.

"Kuku ni wako. Ushindi wa wizi siutaki. Ila fedha ya salfa bado haijatimia."

Witness alikwenda bandani. Halafu akawafunga kuku miguu yeye mwenyewe, akawauza kwa mama lishe. Kabla duka halijafungwa, salfa ilikuwa nyumbani. Asubuhi, bomba la kupulizia alibebeshwa Fidelis, akarudi amegeuka njano kwa salfa mpaka kope.

Jioni bibi alitandika mkeka, akawaita wote wawili.

"Nisikilizeni. Hata kama mchezo una akili ndani yake, ukiweka chako ili uchukue cha mwenzio, na hujui nani ataondoka mikono mitupu, hiyo ni kamari. Wewe, Witness, uliweka hata kisicho chako. Karata tutacheza hapa, ambapo anayefungwa hupoteza majivuno tu. Haya, nani anagawa?"

"Mimi," alisema Witness. "Lakini kwanza, bibi, tikisa kanga."