Lipu ya Lufingo

Ukuta ulikuwa unatoka jasho, na jua lilikuwa kali. Tupokigwe aliugusa, kiganja kikarudi na maji yenye harufu ya udongo mbichi.

Ulikuwa ukuta wa udongo wa nyumba ya malafyale, chifu wa zamani wa Lufingo. Wazee walisema ndani yake linakaa jini ambalo halijawahi kumdhuru mtu. Kila kiangazi wanawake waliusiriba kwa udongo, na kabla ya kuanza waliuamkia: "Ugonile?" Umelalaje? Kisha mvua zikaharibika. Zikawa zinanyesha hata kiangazi, udongo unaoshwa kabla haujakauka, na wanawake wakachoka. Hao hao ndio waliopiga kelele kikaoni wakitaka saruji! Mabwana wa idara ya mambo ya kale wakaja na gari, wakakubali, wakapiga picha, wakaondoka zao. Inatia hasira. Hezron, mume wa Tupokigwe, ndiye fundi aliyeupiga lipu mpaka ukang'aa. Saruji iliyobaki akaimalizia kwenye ukuta wa chumba chao cha kulala.

Siku ya kupiga lipu hakuna aliyeuamkia ule ukuta.

Sasa Hezron alikuwa kitandani, pumzi zinagoma, shuka limelowa maji yenye harufu ile ile.

"Nimezibwa," alinong'ona kwa sauti ambayo mkewe hakuijua. "Mvua inaniingia kwa juu, haina pa kutokea. Nani kanifunga?"

Bibi Mwantum, mganga kutoka Tukuyu mjini, alimsomea dua huku akikisikiliza kifua chake.

"Jini limefungiwa kwenye saruji, mama Ambindwile," akasema polepole. "Toboeni matundu chini, ukuta ukauke taratibu. Mkiubomoa ukiwa umelowa, litakosa nyumba, litatafuta nyingine."

"Taratibu? Mume wangu anakufa, unaniambia taratibu!"

Tupokigwe akachukua nyundo ya Hezron, akaenda kwenye ukuta wa malafyale. Aligonga huku akiitukana mvua, akawatukana mabwana wa gari, wanawake wenzake na Hezron mwenyewe, na kila kipande cha lipu kilipodondoka kitu ndani ya ukuta kilihema kwa nguvu zaidi, mpaka ukuta uliosimama tangu enzi za mababu ukalegea wote na kumwagika miguuni pake ukiwa tope tupu, na kutoka kwenye tope hilo upepo wa baridi ukampita sikioni, ukashika njia ya kwenda nyumbani kwake.

Alikimbia. Bibi Mwantum alikuwa amesimama mlangoni.

"Sijamwona akitoka," alisema. "Wallahi, mlangoni sijaondoka."

Chumbani kitanda kilikuwa kitupu, shuka limekauka kabisa.

"Baba Ambindwile?"

Ukuta wa saruji ulikuwa unatoka jasho. Ndani yake mtu akakohoa, kikohozi ambacho Tupokigwe alikijua tangu alipoolewa.

"Ugonile, mke wangu?" ukuta ukauliza.

Nyundo ilikuwa bado mkononi. Hakuthubutu kuinyanyua.