Magadi ya Pangoni

Nzula, rafiki yangu wa Kitengela, hagusi tena githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, na ukimuuliza sababu anatema mate kwanza.

Chama chake cha akina mama kilienda pwani, wakapanda boti ya kasi kuzunguka visiwa vya mawe ya chokaa. Ndani ya pango moja mwongozaji alizima injini. Gizani, kutoka ukutani, ikasikika sauti kama ya mtu anayetafuna mdomo wazi, polepole, kwa mate mengi.

"Ni maji tu, mama," mwongozaji alimwambia Nzula. "Lakini msibandue kitu."

Nzula alikuwa ameshabandua kipande cheupe ukutani. "Mimi ni mtu wa Kajiado," alijiambia, "kwetu magadi huchimbwa, nayajua."

Jumapili akachemsha githeri kwa magadi hayo ili mahindi yalainike. Stima ikapotea, nyumba ikawa giza. Jikoni kukanuka mdomo usiopigwa mswaki mwezi mzima, na sufuria ikaanza kutafuna.

"Mami, nani anakula hivyo?" aliuliza Kathini, binti yake.

Nzula akawasha tochi ya simu, akaonja. Mahindi yalikuwa yamelainika, ila punje moja iligoma. Akaitema kiganjani, na sufuria ikanyamaza.

Lilikuwa gego, na mizizi yake, limezibwa kwa madini ya kijivu sawasawa na gego la Nzula mwenyewe la kushoto.

Akapapasa kwa ulimi. Lake lilikuwa bado mahali pake.