Jina Ubavuni mwa Seva

Stendi ya Mikumi ilikuwa imefurika siku hiyo ya Machi 2010, mabasi ya Iringa na ya Dar yakishindana kwa honi. Rafaeli, kijana mtanashati wa Kilangali, shati jeupe limenyooka kwa pasi, aliweka boksi dogo juu ya boneti ya basi ili achague mahindi ya kuchoma.

"We kaka! Hizo prosesa unazikaanga?"

Aligeuka. Msichana mrefu wa Kisukuma, gauni la njano, macho makavu.

"Umejuaje ni prosesa?"

"Si nimesoma boksi? Za seva, mbili, kizazi kipya, kila moja na kori sita, yaani bongo sita ndani. Wenzako tunaziona vitabuni tu, wewe unazipasha moto!"

Huyo ndiye Limi Mashauri, fundi wa kompyuta katika hoteli moja hapo Mikumi. Baba yake, mfugaji wa Rudewa, aliuza ng'ombe wanane ili binti asome chuo, na majirani wakamcheka kwamba ng'ombe wamepotea bure. Limi alitaka kitu kimoja tu: siku moja baba yake asikie jina lake likitajwa kwa kazi yake.

Mahindi waliyala wawili. Mwezi haukuisha, simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, Limi? Seva inanitesa."

Seva hiyo, kompyuta kuu yenye zile prosesa, ilikuwa ya kampuni ya mbegu pale Kilosa. Rafaeli aliifunga mwenyewe kwa mbwembwe zote, lakini ikawa inakwenda polepole kuliko ile kuukuu. Mkurugenzi, mama Hildegarda, alimpa mpaka Ijumaa, la sivyo kazi angepewa mwingine.

Limi alifika Alhamisi mchana. Akafungua kasha la seva, akashika kiuno.

"Rafa, memori zote sita umezijaza upande mmoja?"

"Si unajaza ukuta mmoja kwanza, ndipo unahamia mwingine? Ghalani Kilangali ndivyo tunavyopanga magunia."

"Haya si magunia, mpenzi! Siku hizi kila prosesa ina memori yake pembeni. Huyu umemshibisha, mwenzake kila akitaka kitu anaomba kwa jirani."

Akagawa, tatu huku, tatu kule. Akaingia kwenye mipangilio, akawasha kile kinachoiwezesha kila kori kushika kazi mbili kwa pamoja. Ripoti ya maghala iliyokuwa ikichukua dakika arobaini ikatoka kwa dakika tatu. Rafaeli akamnyanyua juu juu kwa furaha.

Mlango ukafunguliwa.

"Hongera, Rafaeli!" alisema mama Hildegarda. "Nilijua utaiweza."

"Ahsante, mama," alijibu Rafaeli. Jina la Limi hakulitaja.

Ahsante! Mtu mzima, ulimi anao, na aliyefanya kazi amesimama hapo hapo. Limi alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Simu akaizima wiki nzima.

Alipoiwasha tu, ikaita. Namba ngeni.

"Fundi Limi? Mimi mama Hildegarda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tunafungua ofisi Mikumi, nataka seva yake uifunge wewe."

"Namba yangu umeipata wapi, mama?"

"Si imebandikwa kwenye seva? Rafaeli aliniambia yote jioni ile ile, baada ya kukukimbilia stendi akakukosa."

Limi hakuamini, akapanda basi la Kilosa. Ubavuni mwa kasha palikuwa na karatasi, mwandiko wa Rafaeli, na namba ya Limi chini: IMEPANGWA NA FUNDI LIMI MASHAURI. USIHAMISHE MEMORI BILA KUMWULIZA.

"Niliona aibu, Limi," Rafaeli alisema nyuma yake. "Dakika moja tu nilikuwa mwoga. Nisamehe."

"Kwa dakika hiyo nililia mpaka Mikumi."

"Najua. Nataka kukuoa, na kwa baba yako nitakwenda na maneno haya haya ya karatasi."

Limi alijaribu kununa, akashindwa.

Jumapili, Rudewa, uani kwa mzee Mashauri palijaa majirani, wale wale wa kucheka. Rafaeli alimwamkia mzee, "Shikamoo, baba," akaitikiwa marahaba, akakunjua nakala ya karatasi, akasoma.

Mzee aliilaza fimbo magotini.

"Soma tena, mwanangu," alisema. "Hapo penye jina. Kwa sauti, hawa wasikie."

Rafaeli akasoma tena, kwa sauti, na Limi akainua kichwa.