Hatua Ambazo Yvette Hakuzihesabu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yvette alikuwa na kazi moja nyumbani kwa mama yake mdogo huko Bwera, mji wa mpakani. Alifunua blanketi, akayatoa maganda ya vanila yaliyolala humo usiku kucha, na kuyapanga juu ya mkeka yapigwe na jua. Kisha alichukua machache, akayaweka kwenye mizani ndogo ya betri na kuandika uzito wake. Ganda zito linalong'aa kwa mafuta liliwekwa upande wa daraja la kwanza. Jepesi lililofifia liliwekwa pembeni. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu ilikuwa ya kimya, na kimya cha nyumbani hakikumuumiza kama kile cha shuleni.

Yvette alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwao ni Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambako mama yake alikuwa bado anauza vitambaa. Hali ilipoharibika huko, mama alimvusha mpaka pale Mpondwe na kumwacha kwa mdogo wake, Anastasie, ambaye Yvette alimwita Tantine. Mama alisema angerudi baada ya wiki mbili. Sasa ilikuwa miezi minne, na simu yake ilipatikana siku moja, siku tatu haipatikani.

Shuleni walifundishwa kwa Kiingereza, naye alikuwa amesoma kwa Kifaransa. Basi wakamshusha hadi darasa la tano, kati ya watoto waliomfikia mabegani. Siku ya kwanza jina lake liliposomwa aliitika kwa Kifaransa, "Présent," na darasa zima likaangua kicheko. Hawakuwa watoto wabaya. Walicheka, wakasahau, wakaenda zao kucheza. Aliyeshindwa kusahau ni yeye. Tangu siku hiyo alikula muhogo wake wa mchana nyuma ya tangi la maji, peke yake, akihesabu dakika mpaka kengele igongwe.

Muhula wa pili, Mwalimu Medius, mwanamke aliyefundisha michezo, alirudi kutoka mafunzoni Kasese akiwa na kikapu cha minyororo kilichofungwa juu ya mlingoti. Mlinzi wa shule alidhani ni jiko jipya la kuchomea nyama, akauliza sherehe ni lini. Mwalimu Medius akaeleza kwamba ni mchezo unaoitwa gofu ya diski. Mchezaji husimama mbali, akarusha diski kuelekea kikapuni, akaifuata ilipoangukia na kurusha tena. Anayeingiza kwa mirusho michache ndiye mshindi.

Katika mfuko wa diski alizopewa, tatu zilikuwa draiva, yaani diski za kurusha mbali. Mwalimu aliziweka mezani. Nyekundu ilikuwa mpya, ya plastiki ngumu iliyopitisha mwanga, na nyuma yake paliandikwa gramu 175. Ya buluu ilikuwa na gramu 168. Nyeupe ilikuwa ya plastiki laini iliyokwaruzwa ukingo mzima, na namba ya uzito wake ilikuwa imefutika.

"Msidanganywe na rangi," mwalimu aliwaambia. "Plastiki ngumu inadumu, lakini mkono ukiwa na jasho inateleza. Laini inashikika vizuri, ila inazeeka haraka, na ikizeeka inabadilika tabia. Nayo tabia ndiyo kubwa. Kuna diski kaidi, ukirusha kwa mkono wa kulia inakimbilia kushoto mapema. Nyingine inapinda kulia kwanza, halafu inarudi. Nyingine inanyooka."

Mwezi uliofuata kungekuwa na mashindano ya shule za msingi huko Rukoki, karibu na mji wa Kasese, na kila mrushaji angeruhusiwa draiva moja tu. Shule ilimchagua Phionah wa darasa la sita. Phionah alikuwa na mikono mirefu na maneno machache. Baba yake alikuwa mvuvi huko Hamukungu, kando ya ziwa, na yeye aliishi Bwera kwa bibi yake ili asome.

"Yvette, namba zako ni safi kuliko za darasa zima," mwalimu alimwambia. "Jumamosi chukua hizi tatu. Rusha kila moja mara kumi, hesabu hatua, na uandike imeangukia upande gani. Jumatatu tutatazama daftari lako na kumchagulia Phionah."

Yvette alifurahi mpaka akasahau kuitikia. Ilikuwa mara ya kwanza shuleni hapo mtu kumtaja kwa jambo zuri.

Jumamosi uwanja ulikuwa mtupu. Alianza na nyekundu. Mrusho wa kwanza ulimponyoka kwa sababu ya jasho. Wa pili ukakata kushoto na kuingia kwenye shamba la muhogo la jirani, na alitumia muda mrefu kuitafuta diski kati ya miche. Akabadilisha, akarusha ya buluu mara nne. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: rusha, tembea ukihesabu, okota, rudi. Aliporudi mara ya nne alisimama akautazama upande wa pili wa uwanja. Hapakuwa na mtu wa kuinua mkono, wala wa kusema imeangukia hapa. Huko Butembo rafiki yake Olivia angekuwa pale, akimcheka na kupiga kelele. Akaketi chini, akafungua daftari na kuanza kujaza namba kichwani.

Hakubahatisha ovyo. Alifikiri kama mtoto wa nyumba ya vanila. Kizito kinachong'aa ni daraja la kwanza, chepesi kilichofifia kinawekwa pembeni. Nyekundu akaipa hatua sitini na nne, sitini na sita, sitini na tano, moja kwa moja. Ya buluu akaipa hamsini na kitu. Nyeupe, ambayo hakuirusha hata mara moja, akaipa arobaini. Mistari thelathini ilijaa, yote kwa mwandiko safi.

Jumatatu Mwalimu Medius alilisoma daftari akiwa amesimama, huku lundo la mitihani likimsubiri. "Kazi nzuri," alisema, akamkabidhi Phionah diski nyekundu.

Phionah akaanza mazoezi. Siku ya kwanza diski ilikata kushoto. Siku ya pili ikakata kushoto. Watoto walioketi kwenye nyasi wakaanza kusema hata kabla hajarusha, "Inaenda kwa muhogo." Alirusha kwa nguvu zaidi mpaka bega likavimba, na bibi yake akalikanda kwa maji ya moto. Ijumaa alikwenda kwa Mwalimu Medius mbele ya watu.

"Madamu, tafuta mwingine wa kwenda Rukoki," alisema. "Daftari inasema hii diski inafika sitini na tano, moja kwa moja. Ikiwa Yvette anafikisha na mimi nashindwa, basi mkono yangu ndiyo mbaya."

Mwalimu alimwomba afikiri mpaka Jumatatu. Phionah akaondoka.

Mchana Yvette alikwenda nyuma ya tangi la maji na muhogo wake, akakuta mahali pake pana mtu. Phionah alikuwa ameketi pale, bega lake limefungwa kitambaa, anatazama ukuta. Yvette alikijua vizuri kile anachokitazama, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameutazama ukuta huo miezi minne. Aliona aibu kuliko siku ile darasa lilipomcheka. Siku ile alikuwa hajakosea kitu.

Angeweza kuondoka. Ni yeye tu aliyejua, na Jumatatu mtu mwingine angetajwa, mambo yakaisha. Mwalimu asingempa tena daftari, hilo alilijua, na wale waliomcheka wangekuwa na sababu mpya. Alisimama hapo muhogo ukapoa mkononi.

"Phionah," alisema hatimaye. "Mukono yako haina makosa. Ni daftari yangu. Niliandika bongo."

Phionah aligeuka. "Bongo gani?"

"Uongo. Nyekundu nilirusha mara mbili tu, na ilienda kushoto, kwa muhogo, sawa na yako. Ile nyeupe sikuirusha hata kidogo."

Phionah alimkazia macho mpaka Yvette akatazama chini. "Mimi nimelala na maumivu siku nne," alisema polepole. "Nimemwambia Baba asikuje Rukoki." Akainuka, akaenda zake.

Yvette alilia kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akaenda ofisini. Alimweleza Mwalimu Medius yote bila kuruka kitu. Mwalimu alifungua daftari na kuipitia tena mistari ile thelathini.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilichoka, Madamu. Ya kurusha haikunichosha. Ya kuokota peke yangu ndiyo ilinichosha."

Mwalimu akachukua kalamu nyekundu na kuzikata kwa mistari kurasa zote tatu. "Kesho Jumamosi utaanza upya, na Jumatatu utaliambia darasa. Kesho nitakuwepo mimi, nikisimamia kikapu." Yvette alishukuru, ingawa aliiogopa hiyo Jumatatu.

Jioni hiyo aliibeba diski nyeupe nyumbani, akaiweka kwenye mizani ya vanila. Mizani ilionyesha 154.

"Iko mwepesi sana, Tantine," alisema. "Ni ya pembeni."

Tantine Anastasie alikuwa anakunja blanketi. "Nani amekuambia? Vanila tunapima sababu tunauza. Hiyo hauuzi, mutoto wangu, unarusha. Uzito mukubwa itakusaidia nini kama mukono inashindwa kuisukuma?"

Asubuhi Yvette alifika uwanjani mapema. Mwalimu Medius alikuwa kwenye kikapu kama alivyoahidi. Upande wa pili wa uwanja, karibu na shamba la muhogo, alisimama mtu mwenye bega lililofungwa kitambaa.

"Mimi sijasahau," Phionah alisema Yvette alipomkaribia. "Lakini bega inauma, siwezi kurusha nyingi. Wewe rusha, mimi nitahesabu. Sasa nataka kuona na macho yangu."

Wakaanza. Nyekundu ilikata kushoto mara kumi kati ya kumi, na hakuna mrusho uliopita hatua arobaini na tatu. Mwalimu aliwaeleza kwamba diski nzito na kaidi hungoja mkono wenye kasi kubwa, na mkono wa mtoto ukiwa bado haujaifikia kasi hiyo, inaanguka kushoto hata ukirusha kwa hasira. Ya buluu ilikwenda hatua hamsini na zaidi kidogo, ikilala kushoto mwishoni tu. Nyeupe, ile iliyokwaruzwa, ilipinda kulia kwa upole, ikarudi katikati na kufika hatua hamsini na tisa.

"Basi nyeupe," alisema Yvette.

"Ngoja," Phionah alisema. "Kwetu Hamukungu, asubuhi ziwa imelala. Saa nane upepo inaamka, na pale Rukoki iko wazi tu. Turushe tena mchana."

Walirudi saa nane upepo ulipokuwa ukitikisa majani ya muhogo. Nyeupe ilirushwa kuelekea upepo, ikainuka, ikajipindua kulia na kuvuka ua wa shule hadi barabarani, ambapo bodaboda mmoja aliikwepa na kuwatolea maneno yasiyoandikika. Ya buluu ilitikisika lakini ikashika njia. Phionah mwenyewe aliirusha mara tatu, taratibu, bega likivumilia. Yvette alihesabu hatua kwa sauti na kuandika alichokiona, hata ule mrusho mmoja ulioharibika.

Jumatatu aliliambia darasa. Wawili walicheka, wengine wakanyamaza, na kengele ikagongwa kama kawaida. Phionah, aliyekubali tena kwenda Rukoki, alipata wiki mbili za kupumzisha bega na kujifunza diski ya buluu.

Rukoki walikuta shule za mjini Kasese zimekuja na mifuko iliyojaa diski zinazong'aa, kila mtoto akijichagulia moja. Asubuhi diski nyepesi zilikwenda mbali na watu wakapiga makofi. Saa nane upepo ukaamka, nazo zikaanza kutawanyika kulia uwanjani. Zile nzito na kaidi zilianguka kushoto, mrusho baada ya mrusho. Phionah aliirusha ya buluu bila nguvu ya ziada, na kila ilipoangukia, Yvette alikuwa ameshasimama pale na mkono juu. Phionah alimaliza wa tatu kati ya shule kumi na moja. Baba yake, aliyekuwa amekuja baada ya kupigiwa simu mara ya pili, aliwanunulia wote watatu soda.

Wakati wakikusanya vitu, Mwalimu Medius alimrudishia Yvette daftari.

"Nataka uendelee nalo," alisema. "Sikiliza vizuri. Ulipoandika kitu usichokiona, kuna mtu alikiamini, akauumiza mwili wake na kuanza kujidharau. Ndiyo maana hesabu ya uongo ni mbaya hata ikiwa hakuna aliyekuona. Na mimi nilikosea, kwa sababu kazi hii ni ya watu wawili na nilimpa mmoja. Siku nyingine ukibaki peke yako na kazi, usijaze namba. Njoo useme, Madamu, nahitaji mtu wa kusimama upande wa pili."

"Nitasema, Madamu," Yvette alijibu.

Jioni hiyo simu ya mama haikupatikana. Yvette alijaribu mara mbili, akaiweka, na uchungu ukamrudia kama siku zote. Asubuhi alitandaza vanila, akapima, akaandika. Mchana shuleni alikwenda nyuma ya tangi la maji na muhogo wake, na Phionah alikuwa ameketi pale, amesogea kidogo kumwachia nafasi.